Maziwa ya Masisi, karanga za Walikale: chokoleti ya moto ya nyumbani

Sisi tunaofundisha tunaijua vizuri saa nne ya asubuhi. Ndiyo saa mtoto aliyekunywa chai ya rangi tu anaanza kulalia meza. Si uvivu, ni njaa.

Masisi tuna maziwa, yale yale yanayotengeneza jibini inayouzwa Goma. Walikale tunalima karanga. Kakao inatoka Beni, katika jimbo letu hili. Tunauza vyote, kisha tunanunua kopo la chokoleti ya unga ambalo mara nyingi sehemu kubwa yake ni sukari. Tubakize kidogo kwa watoto wetu.

Vinavyohitajika kwa vikombe vinne:
- maziwa vikombe 3 na maji kikombe 1
- karanga za kusaga, vijiko vya supu 3
- kakao ya unga isiyo na sukari, vijiko vya supu 2
- sukari, vijiko vya supu 2
- chumvi kidogo sana

Namna ya kupika:
1. Kaanga karanga kwa moto mdogo, menya maganda, twanga au saga mpaka zitoe mafuta.
2. Changanya kakao, sukari na chumvi zikiwa kavu. Tia maji kidogo kidogo ukikoroga, ili isifanye madonge.
3. Weka sufuria kwenye mbabula, tia maziwa na uyaache yachemke kweli. Maziwa mabichi yanaweza kuleta magonjwa.
4. Chota maziwa ya moto kidogo, yeyushia karanga ndani ya bakuli, kisha rudisha vyote katika sufuria pamoja na kakao.
5. Koroga dakika 5 kwa moto mdogo. Acha ipoe kidogo kabla ya kumpa mtoto.

Walikale, ambako ng'ombe ni wachache, maziwa ya soya yaliyochemshwa vizuri yanafaa. Mwenye miti ya kakao achachushe mbegu siku 5 au 6, azianike mpaka zikauke, azikaange, azimenye na kuzitwanga.

Jambo la kuangalia sana ni karanga zenyewe. Iliyoota ukungu, iliyobadilika rangi au yenye uchungu itupwe. Sumu ya ukungu inadhuru ini, na kukaanga hakuiondoi. Tusiwape watoto zile mbovu tulizoshindwa kuuza. Anika karanga mapema baada ya kuvuna, na magunia yakae juu ya mbao, si chini.

Mtoto ambaye hajafikisha miezi 6 anyonye tu. Anayeonja karanga mara ya kwanza aanze na kidogo. Akivimba midomo au akipumua kwa shida, apelekwe haraka kwa muganga.

Kinywaji hiki si dawa ya bwaki. Plumpy'Nut, inayotolewa katika vituo vya afya, nayo ina karanga, maziwa, sukari na mafuta, lakini imeongezwa vitamini na madini kwa kipimo. Mtoto aliyevimba miguu au aliyekonda sana apelekwe kituoni siku hiyo hiyo.

Tunajua kwamba vita vimewaachia wengi wetu zizi tupu na mashamba ya mbali. Mama mmoja peke yake anaweza kukosa vyote. Lakini katika kikundi, mmoja akileta karanga, mwingine maziwa na mwingine makala, sufuria moja inaweza kuwashibisha watoto wengi kabla ya kengele ya shule.