Mamba, Nyangumi au Kenge?

Wahenga walisema kwenye msafara wa mamba na kenge wamo, na katika elimu ya visukuku hakuna mahali msemo huo ulipotimia kama Maastricht, Uholanzi. Katika karne ya 18 wachimbaji wa mawe ya chokaa waliibua huko mafuvu mawili yenye taya ndefu na meno makubwa yaliyochongoka. Johann Hoffmann, daktari wa jeshi, aliona mamba. Mwaka 1786 bingwa wa anatomia Petrus Camper akasema ni nyangumi. Ukubwa na meno ndivyo vinavyovuta macho kwanza, na hapo ndipo penye mtego, maana bahari huwapa wala samaki wengi meno ya kunasia, wawe wa ukoo wowote. Adriaan, mwana wa Camper, alitazama pengine: kwenye kaakaa, kulikokuwa na safu za meno madogo ambayo mamba na nyangumi hawana. Maungio nayo yanamkana mamba. Mfupa unaoning'iniza taya ya chini, ambao kwa mamba umegandamana na fuvu, hapa ulikuwa huru. Na taya yenyewe ilikuwa na kiungo cha pili katikati yake. Adriaan akahukumu kwamba ni mjusi, jamaa wa kenge. Mwaka 1808 Georges Cuvier alimuunga mkono, ijapokuwa hukumu hiyo ilipinga maoni ya baba mtu.

Msomaji makini atauliza: mbona kenge wa leo hana meno kaakaani? Kweli hana, ilhali iguana na nyoka wanayo. Hiyo ndiyo sababu alama moja haitoshi kutoa jina. Kiungo cha katikati ya taya na mfupa ule unaocheza kenge anavyo, nyoka pia anavyo, na hadi leo wataalamu wanabishana ni yupi kati yao aliye karibu zaidi na mnyama huyu. Ubishi huo lakini uko ndani ya nyumba ya mijusi na nyoka; mamba na nyangumi walishatoka nje.

Kutaja spishi ni kazi ngumu zaidi. Jina la mnyama huyu, Mosasaurus, lilitolewa mwaka 1822, na mwaka 1829 Gideon Mantell akaongeza hoffmannii kwa heshima ya yule daktari. Wapo wanaodai jino moja latosha kumtambua. Sikubali. Wanyama hawa waling'oa na kuotesha meno maisha yao yote, na jino la mbele halifanani na la nyuma katika taya ileile. Umri nao hubadili umbo, na uzito wa mwamba huuponda mfupa. Kipimo cha haki ni lile fuvu la Maastricht lililobeba jina, ambalo lilichukuliwa na jeshi la Ufaransa likapelekwa Paris. Mwaka 2017 lilielezwa upya, mfupa kwa mfupa, na baadhi ya spishi zilizokuwa zimerundikwa chini ya jina Mosasaurus zikaonekana si za humo.