Muguu unaowaka juu ya kinga: tuchague viatu namna gani?

Mutu akisema Kasulo, wote wanafikiri mashimo. Ni haki, ju tangu mwaka 2014, wakati kobalti ilionekana chini ya lupango za watu, kartie yetu ilijulikana mpaka Ulaya na China. Lakini gunia likitoka shimoni, safari yake haijaisha. Kuko mutu analipakia juu ya kinga, anasukuma ao anakanyaga mpaka kwa mununuzi. Kuko pia wenzetu wa makala, na wafanyakazi wa kampuni wanaoenda zamu na kinga ju pesa ya taxi kila siku haitoshi. Hawa wote sisi wa sendika tunawasikia wakilalamika neno moja: muguu unawaka moto huku mbele, chini ya vidole, sawa vile mutu anakanyaga kajiwe.

Wengi wanasema ni uchovu, wanaosha miguu na maji ya chumvi, kesho wanarudia. Sisi tunasema: tuangalie viatu kwanza.

Muguu wa mutu uko na mifupa 26. Mitano kati yake ni mirefu, inaenda mpaka kwenye mizizi ya vidole. Ukikanyaga pedale, nguvu yote inapita kwenye vichwa vya ile mifupa mitano. Ukisukuma kinga ya magunia kwenye mulima, kisigino kinainuka na uzito unaangukia pale pale. Kama semeli ni laini na nyembamba, sawa vile ya sapatu ao ya basketi iliyozeeka, chuma ya pedale inaingia karibu ndani ya nyama. Kama kiatu kinabana upande na upande, mishipa inayopita kati ya mifupa inafinywa. Mara nyingi ni ule unaopita kati ya kidole cha tatu na cha ine. Munganga mumoja wa Marekani, Thomas Morton, alieleza maumivu hayo tangu mwaka 1876, na mpaka leo wanganga wanayaita kwa jina lake. Yanawaka, kiisha vidole vinakufa ganzi.

Mwezi wa tisa 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Vijana wengi waliona kwenye televizio vile viatu vya wakimbiaji: semeli ngumu sawa mbao, na kifungo chini kinachoshika pedale. Wamoja wanauliza kama tunavihitaji. Hapana. Viatu vile havitembei, vinateleza kwenye matope, na mutu wa magunia anapashwa kushusha muguu chini mara moja kinga ikitaka kuanguka. Lakini tunaweza kukamata mafundisho yao matatu: semeli isikunjike ovyo, mbele kuwe na nafasi, na muguu ukae vizuri juu ya pedale.

Sasa ukienda sokoni kutafuta viatu, vipya ao vya okazi, fanya hivi. Enda mangaribi, ju muguu unavimba kidogo mchana kutwa. Kiatu kinachokuenea asubuhi kinaweza kukufinya saa kumi. Vaa soksi zile za kazi. Mbele ya kutoka nyumbani, simama juu ya karton, chora miguu yote mbili na kalamu, kata. Miguu ya mutu hailingane. Fuata ile mukubwa. Ingiza karton ndani ya kiatu: kama inajikunja kwa pembeni, kiatu ni chembamba, ukiache hata kama numero ni yako. Ukisimama, mbele ya kidole kirefu kubakie nafasi ya kidole gumba kimoja. Vidole vichezeke. Kiisha shika kiatu na mikono mbili, ukikunje: kinapashwa kukunjika kwenye vidole tu, na kwa nguvu. Kikijikunja katikati sawa kitambaa, hakitabeba uzito wako.

Usisikilize mwenye kuuza akikuambia kitapanuka. Ngozi inapanuka kidogo, lakini chuma ya mbele ya viatu vya sekirite haipanuke hata siku moja.

Kwa mwenye hana pesa ya kununua vingine leo, kuko njia. Fundi wa viatu anaweza kubandika kipande cha pineu chini ya semeli, ao kukata ngozi ngumu na kuiweka ndani. Mwambie aongeze kamuto kadogo ka ngozi ao ka mpira laini nyuma ya pahali panapouma, si juu yake. Hapo uzito unatoka kwenye vichwa vya mifupa. Fungua kamba za mbele kidogo, ukaze zile za juu. Na ukiwa juu ya kinga, sogeza muguu mbele kidogo, pedale ikae nyuma ya mizizi ya vidole, si chini ya vidole vyenyewe.

Kama maumivu hayapungui baada ya majuma machache, ao muguu umevimba, uko na kidonda, ao umekufa ganzi hata ukiwa umelala, enda kwa munganga. Mwenye sukari asingoje hata siku moja.

Inabakia neno la wale wenye patroni. Viatu vya kazi si zawadi. Mukataba namba 176 wa OIT juu ya usalama katika migodi, wa mwaka 1995, unasema vifaa vya kujikinga vitolewe bila mufanyakazi kulipa, na viwe vyenye kufaa. Kiatu kinachofinya muguu hakifai, hata kama kiko na chuma mbele. Tunajua namna mambo inaendaka: wananunua modeli moja kwa wote, wanauliza numero tu, hakuna anayeuliza upana. Wamama wanapewa viatu vilivyotengenezwa kwa miguu ya wanaume. Wenzetu wa sutretansi wanangoja mpaka semeli inatoboka.

Ndiyo maana tunaomba kila delege wa sendika apeleke mambo matatu kwenye komite ya usalama: miguu ipimwe urefu na upana mbele ya komande, mutu ajaribu viatu akiwa amevaa soksi za kazi, na semeli ikiisha, kiatu kibadilishwe bila kungoja mwaka uishe. Mchimbaji wa Kasulo hana komite. Yeye akilala siku tatu ju ya muguu, watoto wanalala njaa siku tatu. Kwake, karton moja na kalamu ni mwanzo mzuri, na haiombe ruhusa ya mutu.