Fahamu: Fuwele zenye matundu zilizotunukiwa Nobel ya Kemia

Ni kitu gani?

Ni mata iliyoungwa kwa ayoni za metali, mathalani zinki au shaba, zilizofungamanishwa na molekuli ndefu za kaboni, hata ikapatikana fuwele yenye vyumba vitupu ndani yake, ambamo gesi na mvuke huingia, hunata kutani, kisha hutoka joto lizidipo.

Asili yake

Richard Robson, akiwa Melbourne, alidhihirisha wazo hili mwaka 1989, ingawa fuwele zake zilikuwa dhaifu; naye Susumu Kitagawa wa Japani akabainisha mwaka 1997 kwamba gesi yaweza kupita ndani yake pasi na kuzibomoa. Omar Yaghi, aliyezaliwa Amman katika familia ya wakimbizi wa Kipalestina, alileta mwaka 1999 fuwele iitwayo MOF-5, ambayo gramu chache zake zina eneo la ndani lipatalo uwanja wa mpira. Wote watatu walitunukiwa Nobel ya Kemia mwaka 2025.

Kwa nini ni muhimu?

Katika jangwa la Arizona, watafiti wenzake Yaghi walizitumia fuwele hizi kunasa unyevu wa hewani wakati wa usiku, na jua lilipopanda, mvuke ukatoka ukawa maji safi. Aidha zaweza kunasa kaboni dayoksaidi na kuhifadhi haidrojeni.

Kikwazo

Gharama ya kuzitengeneza kwa wingi ingali kubwa, na baadhi yake, MOF-5 ikiwamo, huharibiwa na unyevu.