Je, Wajua? Jeni Zako Zina Neno Katika Kifua Kikuu

Je, wajua kwamba watu wengi walioambukizwa bakteria wa kifua kikuu hawaugui kamwe? Kati ya kumi wenye afya njema, tisa au zaidi huishi na bakteria hao mwilini bila hata kukohoa. Lishe, umri, kisukari na VVU huchangia tofauti hiyo. Jeni tulizorithi nazo zimo.

Pacha walitoa dalili ya mapema. Mmoja wa pacha wanaofanana akiugua, mwenzake huwa hatarini zaidi kuliko ilivyo kwa pacha wasiofanana, ingawa wote hulelewa nyumba moja.

Bakteria akifika mapafuni humezwa na seli za kinga. Seli hizo hupiga mbiu ya mgambo kwa protini iitwayo interlukini-12. Seli nyingine, zijulikanazo kama seli T, huitika kwa kutoa interferoni-gama, nayo huzipa seli zilizomeza bakteria nguvu ya kumuua. Jeni ikiwa na hitilafu popote katika mnyororo huo, bakteria hupata mwanya.

Chukua jeni ya TYK2, inayosaidia kufikisha ujumbe huo ndani ya seli. Ina aina iitwayo P1104A. Anayeirithi kwa baba na mama hutoa interferoni-gama pungufu, na hatari yake ya kuugua huongezeka. Barani Ulaya, takriban mtu 1 kati ya 600 yuko hivyo. DNA ya mifupa ya kale inaonyesha kwamba aina hiyo imepungua sana huko katika miaka 2,000 iliyopita, yaelekea kwa kuwa kifua kikuu kiliwaua wengi walioirithi kwa wazazi wote wawili.

Kwetu Afrika Mashariki kuna habari ya kutia moyo. Mwaka 2016, utafiti uliohusisha watu wenye VVU nchini Uganda na Tanzania ulibaini aina ya kinasaba karibu na jeni ya IL12B, inayounda sehemu ya interlukini-12. Waliokuwa nayo waliugua kifua kikuu kwa nadra zaidi, ijapokuwa VVU huidhoofisha kinga.

Hata hivyo, jeni huongeza au hupunguza hatari tu. Kifua kikuu si laana ya ukoo, na aliyeugua hana la kuonea haya. Ukikohoa kwa wiki mbili au zaidi, nenda kapime makohozi. Ukikutwa nacho, meza dawa mpaka umalize dozi: kifua kikuu kinatibika.