Fessenden: Mwalimu Aliyeipa Redio Sauti ya Mtu

Redio ikitajwa darasani, wanafunzi wengi humtaja Guglielmo Marconi wa Italia. Si kosa. Desemba 1901 Marconi alipokea ishara zilizovuka bahari ya Atlantiki bila waya. Hata hivyo, ishara hizo zilikuwa nukta za Morse, si maneno. Aliyetangulia kurusha maneno ni Reginald Fessenden, na sisi watu wa lugha tuna sababu ya kumfahamu.

Fessenden alizaliwa Kanada mwaka 1866. Alifundisha shule huko Bermuda, kisha akawa profesa wa umeme Marekani. Tarehe 23 Desemba 1900, akiwa mtumishi wa Idara ya Hali ya Hewa ya Marekani, alihesabu moja hadi nne mbele ya kipaza sauti. Kisha akamwuliza msaidizi wake, aliyekuwa umbali wa kilomita 1.6 hivi, kama huko theluji ilikuwa ikianguka. Msaidizi alijibu kwa telegrafu kuwa ndiyo. Basi usemi wa kwanza wa redio ulikuwa swali, tena lililopata jibu.

Sauti hiyo ilijaa mikwaruzo, kwani mtambo ulifanya kazi kwa cheche zinazokatika. Fessenden alitaka wimbi lisilokatika, ambalo nguvu yake ingepanda na kushuka kufuata sauti ya msemaji. Desemba 1906 alilionyesha hadharani huko Brant Rock, Marekani. Kanuni hiyo ndiyo msingi wa matangazo ya AM. Baadaye aligombana na wafadhili wake, na kesi ikaisha mwaka 1928. Alifariki mwaka 1932.

Kiswahili nacho kilikipokea chombo hiki kwa maneno yake. Wazee walikiita "simu ya upepo". Neno simu lina asili ya Kiajemi, kwa maana ya waya. Kwa hiyo jina hilo lilisema "waya wa upepo". Mawimbi yalitoka baharini. Masafa, yaani umbali, yakapata maana ya pili. Idhaa ikatoka Kiarabu.

Kwetu Rusizi mawimbi hayasimami mtoni. Mwaka 2002 Radio Okapi ilianzishwa nchini Kongo, Kiswahili kikiwa miongoni mwa lugha zake tano. Lakini Rwanda inajua pia upande wa pili. RTLM, iliyoanza mwaka 1993, ilitumia sauti kuchochea Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994. Mtambo ulikuwa ule ule. Tofauti ilikuwa maneno, na msikilizaji asiyepewa nafasi ya kuuliza.

Hapo ndipo ilipo kazi ya mwalimu. Tunapompa mwanafunzi taarifa ya habari asikilize, tusiishie kwenye msamiati na ngeli. Tumwulize: nani anasema, anamwita mwenzake kwa jina gani, na amelijuaje hilo analolisema? Fessenden alianza kwa kuuliza. Nasi tuwafundishe wanafunzi wetu kuuliza.