Neno na Sauti katika Nyimbo za Ukanda wa Shaba

Wapenzi wa muziki wa Katanga huzungumzia sana gitaa na kuisahau sauti. Jina la Mwenda Jean-Bosco linapotajwa, mtu hukumbuka kidole gumba chake na cha shahada. Hata David Rycroft, aliyemchambua mwanzoni mwa miaka ya 1960, alishughulika hasa na upigaji wake wa ala. Makala haya yanajaribu kusikiliza upande wa pili, yaani namna waimbaji wa Kolwezi, Likasi na Lubumbashi walivyolitamka neno la Kiswahili ndani ya wimbo, na namna hiyo ilivyobadilika. Kwa sisi tunaosoma lugha, jambo hili si la burudani tu. Santuri ni miongoni mwa ushahidi wa kale tulio nao wa sauti ya Kiswahili cha Katanga, na mwanafunzi anayezinukuu bila kujua mtindo wa uimbaji ataihesabia lugha mambo ambayo ni ya mwimbaji.

Mwenda alizaliwa mwaka 1930 huko Bunkeya, ambayo leo imo katika jimbo la Lualaba. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi mjini Jadotville, yaani Likasi ya sasa. Sauti tunayoisikia katika rekodi za wakati ule haipaazwi. Iko karibu sana na mazungumzo: kila silabi, kwa kawaida, hupewa noti yake moja, na mwimbaji hulimaliza neno kabla gitaa halijajibu. Sababu mojawapo ni ya kiufundi, kwani mtu mmoja aliye na gitaa lisilo na umeme hawezi kupiga kelele bila kulifunika. Lakini iko sababu nyingine, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi.

Kiluba, Kisanga, Kilunda na Kichokwe, lugha walizokuja nazo wafanyakazi wengi wa Union Minière, ni lugha za toni. Humo kiimbo cha wimbo hakina uhuru kamili. Kikipanda mahali ambapo toni hushuka, neno laweza kupotea au kugeuka lingine. Kiswahili hakina toni za namna hiyo. Kina mkazo tu, nao huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Kwa hiyo mtunzi wa kambini aliyechagua Kiswahili alipata wasikilizaji wa makabila yote, na pamoja nao alipata uhuru wa kuupeleka wimbo juu au chini apendavyo, mradi mkazo ukae mahali pake. Naona faida hii ya pili haijapewa uzito unaostahili.

Aidha, matamshi ya kwetu yalimsaidia mwimbaji. Msanii wa taarabu anayetaka kukaa juu ya silabi ya kwanza ya neno «mtoto» hana irabu ya kushika. Hana budi kufumba midomo na kuvumisha sauti puani. Katanga tunasema «mutoto», «mutu», «muzuri», na ile u ni mlango uliokwisha kufunguliwa. Hali kadhalika «apana» isiyo na h huanza moja kwa moja na irabu. Haya ni ya lugha yenyewe, kwa kuwa husikika sokoni kama yanavyosikika katika santuri.

Edouard Masengo, akiwa na kikundi cha Jecoke cha mtaa wa Kenya, Elisabethville, aliongeza sauti za pili. Sauti zinazokwenda sambamba kwa umbali wa noti ya tatu hazikuwa ngeni kwa watu wa Lualaba. Wachokwe huimba hivyo tangu zamani. Hata hivyo, waitikiaji wanapokuwa wengi, lazima wote watamke neno kwa wakati mmoja, na hapo mwendo wa mazungumzo ulianza kulegea.

Badiliko kubwa lilitoka magharibi kwa redio na santuri. African Jazz ya Joseph Kabasele ilianzishwa mwaka 1953, OK Jazz mwaka 1956, na pamoja nazo ilikuja sauti ya juu, laini, inayovuta irabu ya mwisho wa mstari mpaka mstari unaofuata. Kilingala kikawa lugha ya kuimbia hata kwa vijana waliozaliwa kambini. Baba Gaston, aliyetoka Lubumbashi na kufika Nairobi mwaka 1975 baada ya kukaa Dar es Salaam, aliimba kwa Kilingala na kwa Kiswahili; katika bendi za namna hiyo Kiswahili huvaa nguo za rumba. Irabu ya mwisho ikivutwa sana, mkazo husikika kana kwamba umehama. Mnukuzi asidanganyike: umehama katika wimbo, si katika lugha.

Sasa kuna kompyuta. Auto-Tune ilitolewa mwaka 1997, na leo ni vigumu kupata wimbo wa vijana wa Kolwezi usioguswa na programu ya aina hiyo. Kazi yake ni kuisukuma sauti kwenye noti iliyo karibu. Ikitumiwa kwa nguvu, huondoa mtelezo mdogo wa sauti unaotuambia kama msemaji anauliza au anasema, anadhihaki au anasikitika. Kwa mchunguzi wa kiimbo, rekodi kama hiyo ina maneno lakini haina msemaji.

Waimbaji wa rap, kwa upande wao, wamerudi kwenye silabi moja moja kama Mwenda. Tofauti ni kwamba wengi wao walijifunza kwa kusikiliza rap ya Kifaransa, lugha inayoweka uzito mwishoni mwa kifungu. Ukisikia «mutoto» ikigongwa na ngoma kwenye silabi ya mwisho, msikilize kijana huyohuyo anapoagiza chai. Wale niliowasikiliza mimi huurudisha mkazo mahali pake mara tu muziki unaponyamaza.