Kinywa cha Kuku

Kuku hana meno. Mdomo wake ni mfupa uliofunikwa na kitu kigumu kama ukucha wa mtu, nacho hukua siku zote na kulika kwa kudonoa chini. Kifaranga aliye tayari kutoka yaini huwa na ncha ndogo nyeupe juu ya mdomo. Kwa ncha hiyo hulipasua ganda, na baada ya siku chache huanguka.

Mtu akimfunua kuku kinywa polepole penye mwanga, ataona ulimi wenye ncha kama mshale. Sehemu yake ya nyuma ina kama miiba midogo laini ielekeayo kooni, ambayo kazi yake ni kusukuma chakula kiende ndani. Juu, katika kaakaa, mna ufa mrefu unaofika puani. Na nyuma ya ulimi mna tundu dogo linalofunguka na kufungika kila kuku avutapo pumzi. Huo ndio mlango wa pumzi, nao ni mwembamba mno.

Ndiyo sababu ndui ya kuku ikiingia kinywani huwa mbaya kuliko ikitokea nje. Ndui ya nje huonekana upesi: ni vipele vinavyogeuka vigaga vyeusi juu ya upanga wa kichwani na kandokando ya macho, na kuku wengi hupona. Ile ya ndani hufanya utando wa manjano kinywani na kooni. Utando ukifika penye lile tundu, kuku hunyosha shingo na kuachama hata asubuhi ya baridi, naye hukoroma. Watu humletea maji wakidhani ana kiu, kumbe anakosa pumzi! Wengine huubandua utando kwa kijiti. Damu hutoka, na kidonda huzidi.

Ugonjwa huu hutokana na virusi. Mbu huuchukua kutoka kwa kuku mmoja mpaka kwa mwingine, tena huingia penye jeraha la kudonolewa. Mtu haumpati. Dawa ya kuuponya hakuna, lakini kuku wasio wagonjwa huchanjwa katika ngozi ya bawa kwa sindano yenye ncha mbili. Baada ya siku saba hivi, uvimbe mdogo mahali pale huonyesha kuwa chanjo imeshika. Vigaga vilivyoanguka bandani hukusanywa na kuchomwa moto, maana virusi huweza kukaa ndani yake miezi mingi.